Nguo 64, zinazovaliwa 7: kisa cha kabati la wifi yangu

"Wifi, nguo ninazo, ila cha kuvaa sina."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wateja wengi, maana kazi yangu ni cherehani, na mtu akija kupimwa kiuno huishia kuungama na mengine. Safari hii aliyeyatamka ni mke wa kaka yangu. Nilikuwa nimelala kwao. Saa moja kasoro asubuhi nikamkuta amesimama mbele ya kabati lililojaa mpaka mlango haufungi, mkononi ana blauzi ya tatu aliyoivaa na kuivua. Msimu wa joto ulikuwa umeingia wiki yake ya pili. Alikwishaamua tiba: mwisho wa mwezi ataenda kununua nguo. Nikamwomba anipe Jumamosi mbili kwanza.

Ana miaka 41. Anafanya kazi ofisini siku tano, anatembea kama dakika 20 kwenda na 20 kurudi. Chumba anachokaa hakina hata feni, lakini cha mikutano kina kiyoyozi cha kugandisha mtu. Jioni ana mizunguko ya watoto na ya nyumba. Anafua mara moja kwa wiki, Jumamosi. Hilo la kufua lishike, nitalirudia.

Nilianza na tenga la nguo chafu

Watu wakitaka kupanga nguo humwaga kabati lote kitandani, wakachoka kabla hawajafika popote. Mimi nilikwenda kwenye tenga la nguo chafu na kwenye kamba ya kuanikia. Kabati linaonyesha mtu anavyotamani kuvaa, na tenga linaonyesha anachovaa. Tukahesabu nguo zilizopita kwenye tenga lile ndani ya wiki tatu, na yeye akanisaidia kukumbuka. Zilikuwa saba: blauzi mbili, fulana mbili, suruali moja nyeusi, sketi moja ya jinzi na gauni moja. Suruali nyeusi ilikuwa imechujuka magotini hadi ikaelekea ukijivu, na kwapa za blauzi moja zimeshaanza kulika.

Ndipo tukafungua kabati. Ukiacha nguo za ndani na za kulalia, zilikuwemo 64 ukijumlisha na zile saba: za juu 27, sketi 9, suruali 8, magauni 11, makoti na masweta 9. Makoti na masweta tukayaweka kando, tukabakiwa na 48 zisizoguswa. Kila moja nikaishika na kuuliza swali moja tu: kwa nini hukuivaa wiki tatu hizi? Nikamkatalia jibu la "basi tu".

Majibu yakajipanga yenyewe. Nguo 11 zilikuwa zinambana. Nguo 14 zilikuwa na joto. Saba hazikuwa na mwenzake, yaani blauzi nzuri isiyo na sketi wala suruali ya kwenda nayo. Mbili alikuwa amezisahau kabisa. Moja bado ina karatasi ya dukani. Na 13, hizi ndizo zilizonifanya nikae chini, zilikuwa na kasoro ndogo ambayo fundi yeyote anaimaliza kwa dakika chache: kifungo kinachofunguka kifuani, bega linaloteleza, zipu inayokwama, pindo lililofumuka upande mmoja, kitambaa kinachoonyesha ndani.

Nguo 13 ni karibu mara mbili ya zile alizokuwa akizivaa. Alikuwa anajiona hana nguo, kumbe ana foleni ya matengenezo.

Joto lenyewe

Rundo la nguo 14 "zenye joto" lilitutia ubishi mrefu kuliko mengine yote.

Kwanza nililichambua kwa kitambaa. Baadhi ya lebo zilikuwa zimekatwa, kwa hiyo nikatumia njia ya zamani ya mafundi. Unachomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe ndani ya mshono, unaushika kwa kibanio, unauchoma juu ya sahani ya chuma. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake ni laini ya kijivu yanayopeperuka ukipuliza. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha punje ngumu. Blauzi moja aliyoapa kuwa ni pamba tupu iliacha punje nyeusi kama kichwa cha pini. Aliitazama ile punje muda mrefu.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, kitani karibu 12, viskosi (kitambaa laini kinachotengenezwa kwa nyuzi za mti) kati ya 11 na 13. Poliesta hubeba kama 0.4. Mwili unapoa jasho linapokauka na kuondoka kama mvuke. Lita moja ya jasho ikikauka yote kwenye ngozi huondoka na kilojuli zipatazo 2,400 za joto. Jasho linalotiririka chini ya kitambaa kilichoshikamana na mgongo limepotea bure, halipozi kitu.

Lakini lebo peke yake inadanganya. Jinzi ni pamba, na jinzi ya kawaida ina gramu 350 hadi 450 kwa mita ya mraba, wakati kitambaa chepesi cha shati kinacheza kwenye 100 hadi 130. Suruali zake mbili za jinzi nene zilikuwa "pamba asilimia 100" na zilikuwa tanuri. Upande wa pili kulikuwa na blauzi ya shifoni ya poliesta, imepwaya, nyuzi zimeachana, na ilipitisha upepo vizuri. Kipimo changu ni mdomo: weka kitambaa mdomoni, kiganja nyuma yake, puliza. Ukisikia pumzi kiganjani, nguo hiyo inastahili kusikilizwa, iwe imeandikwa nini. Ikikurudishia pumzi usoni, iache isubiri baridi.

Sketi mbili katika rundo lile zilinichekesha. Nje pamba nyepesi safi, ndani bitana ya poliesta, nzito kuliko sketi yenyewe. Aliyezishona alitaka zianguke vizuri mwilini, joto halikumpitia akilini. Nilifumua bitana zote mbili. Moja ilikuwa na kitambaa kizito cha kutosha ikabaki hivyo. Nyingine inahitaji shimizi fupi ya pamba chini yake, basi.

Tukafika kwenye gauni jeusi. Lilikuwa pamba, pana, mikono mirefu iliyolegea, na yeye alikwishalitupa kwenye rundo la baridi. "Nyeusi inavuta joto, wifi, hilo hata mtoto anajua." Anajua nusu. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya kanzu nyeusi wanazovaa Wabedui kwenye jua la jangwa. Watafiti walipima na kukuta kwamba kitambaa cheusi kweli hunyonya joto zaidi ya cheupe, ila joto linalomfikia mvaaji ni lilelile, kwa sababu kanzu imepwaya na hewa inayopita kati ya nguo na ngozi inaliondoa kabla halijafika. Fulana nyeusi iliyobana ni kesi nyingine. Pale hakuna hewa ya kumtetea mtu. Gauni likarudi kwenye rundo la nguo za msimu wa joto. Siku aliyolivaa hakukiri chochote, ila alilivaa tena wiki iliyofuata.

Blauzi nne za poliesta zilikuwa na tatizo jingine alilolisema kwa sauti ya chini: zinanukia sabuni zikiwa kwenye hanga, zikipata joto la mwili harufu ya zamani inafufuka. Nikamwambia si uchafu wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikusanya fulana za watu 26 waliotoka kufanya mazoezi makali ya baiskeli, na katika ripoti yao ya mwaka 2014 za poliesta ndizo zilizonuka vibaya zaidi ya za pamba. Jamii fulani za bakteria hustawi kwenye poliesta. Blauzi hizo tukazipa kazi ya jioni za baridi na mitoko mifupi ya saa mbili tatu. Hatukuzitupa. Sipendi ule ushauri wa kutupatupa, mara nyingi unamrudisha mtu dukani.

Blauzi nyeupe

Niruhusu nisimame hapa kidogo, kwani kwa jambo hili tu niliona Jumamosi zangu hazikupotea. Alikuwa na blauzi tatu nyeupe za pamba laini, zote nzuri, zote haziguswi. Zinaonyesha ndani. Dawa yake ilikuwa kuvaa singlendi nyeupe chini, na bado ikawa inaonekana, akaacha.

Nikamwita dirishani. Nikaingiza mkono ndani ya blauzi huku nimefunika nusu ya kiganja kwa kipande cha kitambaa cheupe. Mwisho wa kile kitambaa ulichoreka wazi kama mstari wa chaki. Vidole vilivyobaki wazi havikuonekana sana. Kinachoonekana chini ya nguo nyeupe ni tofauti ya rangi kati ya nguo ya ndani na ngozi. Nguo ya ndani ikiwa ya rangi ya ngozi ya mvaaji, na nasema ya ngozi yake, si ile ya waridi iliyofifia inayouzwa kana kwamba watu wote wana ngozi moja, mstari unapotea. Akajaribu na sidiria yake ya kahawia. Akajitazama kwenye kioo mbele, nyuma, mbele tena. "Miaka yote hii," akasema.

Blauzi tatu zikarudi kazini bila kushonwa hata mshono mmoja.

Hesabu ya Jumamosi

Matengenezo yalichukua jioni mbili na nusu. Kifua kinachofunguka nilikitia kifungo kidogo cha kubana kwa ndani, katikati ya vifungo viwili. Bega linaloteleza nililitia kitanzi cha kushika mkanda wa sidiria. Shati moja la pamba lililobana kwapani nililifumua upande na kuongeza kikwapa cha kitambaa kilekile nilichokiiba kwenye upindo. Mengine ni ya kawaida, sitachosha mtu.

Swali kubwa lilikuwa nguo ngapi, na zipi. Kuna ile hesabu inayopendwa: nguo 8 za juu mara 4 za chini ni mitindo 32! Tulizilaza zote kitandani tukajaribu moja baada ya nyingine. Zilizokubaliana kweli, kwa rangi na kwa urefu, zilikuwa 19. Blauzi fupi pana juu ya sketi pana ilimfanya aonekane kama hema. Shati refu juu ya suruali pana vilevile. Kilichojitokeza ni kwamba juu kukipwaya, chini kunahitaji kutulia kidogo, au kiuno kionekane kwa kuchomeka mbele au kwa mkanda. Na hata hizo 19 hazihitaji. Nani ana siku 19 tofauti? Ana siku kumi za kazi katika wiki mbili, na hakuna ofisini anayekumbuka alichovaa Jumanne ya juzi.

Hesabu yenye maana inatoka kwenye ndoo ya kufulia. Nguo ya juu inagusa kwapa, kwa hiyo katika joto ni siku moja na tengani. Kwa wiki zinahitajika saba, na moja ya akiba siku ya kumwagikiwa: nane. Sketi au suruali iliyopwaya inaweza kuvaliwa mara mbili, ikaning'inizwa ipate hewa kati ya siku na siku, kwa hiyo nne zinatosha. Anayefua mara mbili kwa wiki anaweza kupunguza. Yeye alikuwa na za juu nyingi na za chini chache zinazovalika, ndiyo maana kila asubuhi ilikwama palepale: blauzi ipo, ya kwendea nayo haipo. Zile nguo saba zisizo na mwenzake zilikuwa blauzi tupu, zote. Bitana zilipofumuliwa na zipu ya suruali ya kitani kuponywa, tano kati yake zikapata mwenzi siku hiyohiyo.

Akapata alichokiita "sare" zake. Ya kwanza: suruali pana ya kitani, fulana ya pamba iliyochomekwa mbele, na juu yake shati jepesi lililoachwa wazi. Shati hilo linamkinga na jua barabarani na kiyoyozi mkutanoni. Ya pili: sketi ya pamba na blauzi nyeupe. Ya tatu: gauni lililopwaya, lenye mkanda au bila, na kikaptura chepesi ndani, kwa sababu mapaja yakisuguana katika joto hakuna urembo unaofaa kitu. Kila sare ina nguo za kubadilishana ndani yake, lakini umbo halibadiliki, na umbo ndilo linalokula muda wa asubuhi. Viatu vikawa sandali moja na raba moja. Havikuwa na mjadala.

Nilipokosea

Nilimpa wazo la kutundika kila sare kwenye hanga moja, kamili. Lilidumu siku tatu. Sketi inayotumika katika seti tatu haiwezi kukaa kwenye hanga tatu, na mimi fundi sikuliona hilo mpaka akaniuliza kwenye simu, "Wifi, hii sketi inalala wapi?" Akatafuta njia yake mwenyewe, bora kuliko yangu: karatasi ndani ya mlango wa kabati, imeandikwa kwa nguo za chini. Kila sketi au suruali ina mstari wake, mbele yake blauzi zinazoiitikia. Anachagua ya chini kwanza, halafu anasoma.

Kosa la pili lilikuwa ghali zaidi. Gauni la viskosi nilimsifia sana, laini, linapitisha hewa. Sikumwambia kwamba viskosi ikilowa inapungua nguvu na haitaki maji ya moto wala kukamuliwa kwa kusokota. Akalifua na mashuka. Lilirudi, likapanda vidole vinne juu ya goti, na mshono wa ubavuni ukaachia. Sasa ni blauzi ndefu.

Siku kumi

Nilimtaka aandike kila siku mambo mawili tu, adhuhuri na jioni: jasho linaonekana wapi, na ni kitu gani umekuwa ukikivutavuta. Kioo cha asubuhi hakijui lolote kuhusu saa nane mchana. Nguo inayovutwa mara kumi kwa siku, hata iwe imempendeza vipi, wiki ya pili haitavaliwa.

Seti tatu kati ya kumi zilianguka. Fulana ya kijivu ilichora kwapa mbili nyeusi kabla ya saa nne. Kijivu cha kati ndiyo rangi inayotangaza jasho kuliko zote, nyeupe na nyeusi zinaficha. Sketi moja ilikuwa inajizungusha, zipu ya ubavuni inafika mbele. Ya tatu, blauzi, ilimkwaruza shingoni. Fulana ikahamia kwenye za kulalia, sketi nikaipunguza kiuno, ya shingo nikakata lebo. Suruali ya kitani aliandika kwamba "imekunjamana kama karatasi ya maandazi" kufika mchana. Nikamjibu kitani ni hivyo. Ameizoea.

Msimu ulipofika katikati, zilizokuwa zikizunguka ni 18: nane za juu, nne za chini, magauni matatu, mashati mawili ya kuacha wazi, na sweta jepesi la pamba linalokaa kwenye droo ya ofisi. Zile 11 zinazombana, tisa amezigawa. Alichonunua ni singlendi mbili za rangi ya ngozi yake na shimizi moja fupi ya pamba.

Tumebaki na ubishi mmoja. Kuna gauni la poliesta la rangi ya zambarau, limebana, limejaa bitana, na kwa vipimo vyangu vyote halina kazi miezi hii. Analipenda. Nilipofika kwao wiki iliyopita nilikuta ameliongeza chini kabisa ya karatasi ya mlangoni, kwa kalamu nyekundu, na mbele yake ameandika: "siku ya mvua, wifi asipokuwepo."